Kilomita Elfu Tisa za Mama Masafa

Mama Masafa wa dawati la maulizo hapa kiwanja chetu cha ndege anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kujibu swali moja: ni mbali kiasi gani? Kamati ya kumuaga ilitafuta msomi wa kumwandikia, ikakosa, ikaniangukia mimi mpakia mizigo. Bahati yao.

Alianza kwa kubandika vibandiko kwenye masanduku, akapanda hadi dawatini. Abiria anayekwenda kiwanja kile cha mbali kuliko vyote kwenye ratiba yetu, Mama humjibu hivi: kilomita elfu tisa, angani masaa kumi na mawili, lakini anayekungoja mwambie siku nzima, maana kuna kubadilisha ndege, na benchi la kusubiria halina mbawa. Wengi wamebeba sweta kwa ushauri wake.

Kiwanja hicho ndiko alikoshukia mwanawe wa pekee, fundi wa majokofu, alipokwenda kutafuta maisha. Tangu hapo saa ya Mama inafuata majira ya kule, ambako jua huchelewa. Mwamkie mchana kweupe, atakuitikia marahaba, umeamkaje? Chakula cha mchana anakula jioni, kantini imebaki yeye na viti vilivyopinduliwa juu ya meza. Eti anakula na mwanawe.

Aliwahi kumwandikia meneja muda wa kikao kwa majira hayo hayo. Bwana mkubwa akafika na tai yake asubuhi, akavilinda viti vitupu mpaka sisi tunaoijua saa ya Mama tulipoingia alasiri. Alipofoka, Mama akamwambia, heri wewe uliyewahi, mwanangu.

Sasa, mstaafu wetu hupewa tiketi moja ya bure, kwenda na kurudi. Mama aliposema anakwenda kwa mwanawe tulipiga vigelegele, mimi nikazidisha. Kumbe kijana hajasema njoo. Simu zake siku hizi ni fupi kama mwito wa mwisho wa kupanda ndege: mama mzima, na mimi mzima, haya tutaongea. Ametumiwa siku na muda wa kutua, kimya. Wafagizi walimshauri Mama asubiri jibu kwanza. Akasema kukaa hakujawahi kupunguza hata kilomita moja. Anaondoka Jumamosi, hivyo hivyo.

Mama, asante kwa kutuvumilia, hasa mimi na mdomo wangu. Ukitoka mlango wa wanaofika, tazama vizuri, huenda kijana amenenepa. Usipomwona, tazama tena. Ukimkosa kabisa, usione haya kugeuza. Kurudi ni kilomita zile zile elfu tisa, na mlangoni huku utanikuta mimi mwenyewe nimeshika toroli, wafagizi nyuma yangu, tunakuita kwa sauti mpaka askari watukemee.

Nenda salama, Mama yetu. Tunakuombea uzee wenye mtu wa kukupokea.