Mwalimu Tong Haksu na Mlima wa Akina Pyo

Mimi ni Pyo Yangsuk, binti wa Mzee Pyo Manseop. Marehemu alimwoa shangazi yangu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu watoto wake wamesema wakisoma wao watalia, na mimi eti nina moyo mgumu. Haya, tutaona.

Mwalimu Tong Haksu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika nyanda za juu za Pungsan, mkoa wa Hamgyong Kusini, huko kaskazini mwa Korea ambako leo hakuna kati yetu anayeweza kwenda. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Tong Pilju na Jeon Bokdan. Baba yake alichunga kondoo wa shamba la sufu lililokuwa mali ya Mjapani. Mwalimu alikuwa akisema kwamba yeye alijifunza kutembea akiwa ameshika manyoya ya kondoo jike. Mwalimu alipenda kutia chumvi kidogo, kwa hiyo hilo nalisoma kama alivyolisema yeye. Baba yake alifariki kwa homa mwaka 1946, akamwacha mama na watoto wawili, Haksu na mdogo wake Hakbi.

Desemba 1950 vita viliwafukuza watu kuelekea pwani. Hakbi alikuwa anaungua na homa na hakuweza kubebwa kwenye theluji. Mama yake akamwambia Haksu, "Wewe tangulia na baba yako mdogo. Huyu akipoa tutawafuata. Wiki moja tu, mwanangu." Akamfungia viazi vya kuchemsha kifuani ili vimpe joto njiani. Mtoto wa miaka kumi na miwili akapanda meli katika bandari ya Hungnam, akateremka kisiwa cha Geoje, kusini kabisa. Mama yake na Hakbi hakuwaona tena, wala hakupata habari zao hadi alipofumba macho.

Masomo yake aliyachukua kwa kuokoteza. Busan alisoma kwenye mahema, mchana akibeba maji sokoni pamoja na baba yake mdogo, ambaye naye alifariki mwaka 1955. Baadaye aliingia chuo cha ualimu Chuncheon na akahitimu mwaka 1959. Ni chuoni alipokutana na jambo lililomshika maisha yake yote. Mkufunzi mmoja alisema kwamba wahenga wetu Wakorea, kabla ya kushika jembe na kupanda mpunga, huenda walikuwa wachungaji waliohamahama na mifugo yao katika nyika za kaskazini, wakateremka huku polepole. Wanafunzi wengine walipiga miayo. Haksu, mtoto wa mchungaji, alikaa wima kama aliyeitwa kwa jina.

Je, ni kweli? Sijui. Wenye elimu yao wanabishana mpaka leo, wengine wanakubali nusu, wengine wanacheka. Mwalimu mwenyewe alikuwa na ushahidi wake aliourudia mpaka tukaukariri: lile doa la buluu kwenye makalio ya watoto wetu wachanga ambalo watoto wa Mongolia nao wanalo, na rundo la mawe pale juu kwenye njia ya mlimani ya hapa kwetu Dolgogae, ambapo kila mpita njia huongeza jiwe lake, kama wafanyavyo watu wa nyikani. Shangazi Okbun alikuwa akimwambia, "Baba Gangho, mimi makalio ya watoto wangu nayajua, huna haja ya kuwaonyesha wageni." Maana kweli aliwahi kuwaonyesha.

Aprili 1961 alipangiwa shule ya msingi ya hapa kwetu Dolgogae, wilaya ya Inje, na hapa alifundisha mpaka alipostaafu Februari 2000. Sisi tuliopita mikononi mwake tunakumbuka kwamba kila majira ya kuchipua alitutoa darasani na madawati yetu na ubao wetu, tukahamia upande wa pili wa uwanja, chini ya miti ya misonobari. "Malisho yameisha hapa, tuhame," alikuwa akisema, na tulihama kwa vifijo. Mkaguzi alipokuja akakuta darasa tupu, Mwalimu alimjibu kwamba watoto wapo, ila wamefuata majani.

Watu wazima hawakuyafurahia mafundisho yake. Wiki ya kwanza tu, baba yangu Manseop, ambaye siku hizo alikuwa kijana mwenye shingo ngumu, alimfuata shuleni.

"Mwalimu, unawaambia watoto wetu kwamba babu zao walikuwa washenzi wa kufuata mikia ya kondoo?"

"Sikusema washenzi, kaka. Nimesema wachungaji."

"Tofauti yake nini?"

"Mchungaji anajua anakokwenda," akajibu Mwalimu. "Njoo kesho, nitakufundisha na wewe. Bure."

Baba hakwenda kesho yake. Lakini dada yake, Okbun, alikuwa akisikiliza dirishani, na akaona kwamba mtu anayeweza kumjibu Manseop ni mtu wa kuolewa naye.

Walioana tarehe 20 Oktoba 1965, na haikuwa rahisi. Babu yangu alimwuliza bwana harusi swali moja tu: "Makaburi ya kwenu yako wapi?" Wote mnajua uzito wa swali hilo. Mtu wa kwetu anajulikana kwa mlima wa ukoo wake, walikolala baba yake na babu yake, na kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno wanawe hupanda kufyeka nyasi na kuinama mbele ya matuta ya makaburi. Haksu alijibu, "Yako upande ule ambao hakuna njia." Babu akasema, "Basi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mpeni jembe." Mwalimu akapewa jembe, akapewa na mundu. Kila mwaka alipanda mlima wa akina Pyo kufyeka nyasi juu ya makaburi ya watu wasio wake. Alifyeka vizuri kuliko sisi wenyewe. Akimaliza alikwenda kusimama peke yake ukingoni, akainama mara mbili kuelekea kaskazini. Tulimwona, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Gangho na Serin. Alijaliwa pia mbuzi mmoja mweusi, aliyemnunua mwaka 1972 ili kuonyesha kwamba damu ya uchungaji haijakauka. Alimpa jina la Mkuu wa Wilaya kwa sababu alikuwa na ndevu na hakuwa na kazi. Novemba ya mwaka ule, wanawake wa nyumba zetu mbili walikuwa wameloweka kabichi za kimchi, achari yetu, kwenye chumvi uani, akiba ya majira yote ya baridi. Mkuu wa Wilaya akakata kamba. Asubuhi tulikuta amelala juu ya mabaki, tumbo limevimba kama ngoma.

"Hao ndio wahenga wako?" baba alipiga kelele. "Wamekula mboga ya mpaka Machi!"

"Angalau hawakuacha kitu kioze, shemeji," alijibu Mwalimu kwa sauti ndogo. Shangazi hakumsemesha mpaka theluji ilipoanguka.

Kiangazi cha 1997 alitimiza ndoto yake. Alisafiri na walimu wenzake kwenda Mongolia. Alirudi amebabuka pua, hafungi mdomo. Alitueleza jinsi mama mmoja alivyotoka kwenye hema asubuhi na ndoo ya maziwa, na kabla hajamnywesha mtu yeyote alichota kwa upawa akarusha juu, huku na huku. "Nikalia palepale," alisema Mwalimu. "Ni ile ile! Ni gosure yetu!" Gosure ni lile neno tunalotamka shambani kabla ya kula, tunapochukua chembe ya wali wa kwanza na kuirusha pembeni. Baba ndiye mwenye kuirusha katika mashamba yetu, tangu babu alipofariki. Alivuta sigara yake mpaka mwisho ndipo akasema, "Hata kuku wangu humwaga chakula kabla ya kula. Nao ni Wamongolia?" Tulicheka wote, na Mwalimu alicheka kuliko sote. Leo najua kwamba kicheko kile hakikutoka moyoni.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2016. Mapafu yalikuwa yanakakamaa, na hospitali ya Chuncheon walimwambia Serin ukweli bila kuficha: dawa ingepunguza mwendo tu. Gangho, kama mtoto wa mjini, akaandaa nafasi katika jengo la kuhifadhia majivu ya wafu huko Wonju, safi, lenye vioo na taa. Mwalimu alikwenda kuliona. Alirudi amenuna. "Nimekaa maisha yangu yote kwenye nyumba za wenyewe," alimwambia shangazi. "Nikifa tena nikawekwe kabatini?"

Ndipo, baada ya sikukuu ya mavuno ya mwaka jana, alipomwendea baba yangu. Mimi nilikuwa namenya vitunguu saumu hapo hapo, nikasikia kila neno.

"Shemeji, naomba nafasi mlimani. Ukingoni tu, pale panapotazama kaskazini."

Baba hakumtazama. "Mlima ni wa ukoo. Sikuutengeneza mimi. Hata Okbun, alipoolewa, alikuwa wa kwenu."

"Kwetu ni wapi, shemeji?"

"Wewe si ndiye unayesema wahenga walizunguka tu? Wachungaji wako walizikwa wapi? Popote. Basi nawe utazikwa popote."

Neno likishatoka halirudi. Mwalimu aliinuka, akashika fimbo yake, akaaga kwa heshima zote, akaenda. Nilimwambia baba yangu, "Umemuua kabla ya siku yake." Akaniambia nimenye vitunguu.

Majira yale ya baridi hawakutembeleana. Mei mwaka huu, tulipopanda mpunga, Mwalimu aliomba apelekwe shambani, na Gangho akamleta na kiti na mtungi wa hewa. Nilipofungua chakula ukingoni mwa shamba, baba alichukua chembe ya wali kama kawaida, akarusha. "Gosure!"

Mwalimu akauliza taratibu, kwa pumzi yake ile fupi, "Shemeji, hiyo huwa unampa nani?"

"Swali gani hilo? Baba alitufundisha. Ni ya wale wasio na wa kuwapa. Waliofia njiani, wasio na kaburi, wasio na mtoto wa kuwaandalia meza."

"Ndiyo," akasema Mwalimu. "Mama yangu sijui kama yu hai au alikufa. Kama alikufa, sijui siku yake, sijui kaburi lake, kwa hiyo sijawahi kumwandalia meza. Lakini tangu mwaka ule niliooa, kila mnaporusha wali, kwanza baba yako, kisha wewe, mimi husema moyoni, 'Mama, karibu, chakula hicho.' Umemlisha mama yangu miaka yote hii, shemeji. Nilitaka nikushukuru kabla pumzi haijaisha. Si kitu kingine."

Baba aliweka bakuli lake chini. Hakula. Alitazama kule wali ulikoangukia, kwenye matope, kwa muda mrefu hata mashine ya kupandia ikazimwa na vijana wakadhani kuna mtu kaumwa na nyoka. Kisha mtu huyu ambaye sijapata kumwona akilia, hata alipomzika baba yake, akajifuta uso kwa kofia yake na kusema, "Ala! Na wewe, si ungesema tangu zamani?"

"Ulikuwa unanidharau, ningesemaje?"

"Nilikuwa nakudharau," baba akakubali.

Siku chache baadaye tulimwona mlimani na mundu, mzee wa miaka themanini na sita, anafyeka ukingo unaotazama kaskazini. Binamu zake walipanda kumwuliza mgeni huyu anaingiaje kwenye ardhi ya ukoo. Aliwajibu mbele yangu, "Mgeni nani? Mwalimu alinifundisha: kama wote tulikuja tukitembea, basi hapa hakuna mgeni. Kuna waliotangulia kufika na waliochelewa. Na mchungaji hukaa ukingoni, aangalie kundi." Kumbe somo lile alilikataa kwa mdomo tu.

Mwalimu Tong Haksu alifariki nyumbani kwake Dolgogae asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2019, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja, mkono wake ukiwa mkononi mwa shangazi. Siku mbili kabla ya hapo aliomba kitanda chake kihamishiwe upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha. Shangazi alimwuliza kwa nini. Akasema malisho yameisha hapa.

Ameacha mjane, Pyo Okbun. Mwana, Tong Gangho, na mkewe. Binti, Tong Serin. Wajukuu wanne, wote walizaliwa na doa la buluu, na shahidi wa hilo ni yeye mwenyewe. Shemeji yake, Pyo Manseop. Wanafunzi wake, ambao ni karibu kila mtu aliyesimama hapa. Ameacha pia, kama wapo duniani, mama yake Jeon Bokdan na mdogo wake Tong Hakbi, wa Pungsan. Gangho aliuliza kama inafaa kuwataja. Baba yangu akasema wasipotajwa yeye haji mazikoni.

Basi, wapendwa, maji ya moto na supu viko tayari huko chini, lakini msiguse kwanza. Tukishamaliza kupandisha tuta, Mzee Manseop atachukua chembe ya wali wa kwanza pamoja na bakuli la maziwa, maana ameyataka yeye mwenyewe, na atarusha kuelekea kaskazini. Amesema leo hatasema neno la kawaida peke yake. Atasema, "Mama, karibu. Mwanao yuko kwetu."

Mwalimu, umefika. Pumzika.