Neno "Mama" Lilipogeuka Tusi

Assalaam alaykum, na ndugu zangu Wakristo, amani iwe kwenu. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Mnanijua nilivyo, lakini nitajitahidi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Hapa Xiaobei, ugenini kwa Wachina, nina miaka sita, na kazi yangu ni kuwanunulia watu mizigo. Mwenye duka kule nyumbani ananitumia picha, mimi natafuta kiwanda, naagiza, nasafirisha. Mwanzoni nilikuwa natembea. Masoko ya Liuhua yote niliyamaliza kwa miguu, duka kwa duka, mpaka visigino vikapasuka. Kisha nikajiona mjanja. Nikasema, ya nini kuhangaika na simu ipo? Nikakaa chumbani kwangu orofa ya tisa. Naongea Kiswahili, simu inaandika Kichina. Nikawa nawacheka nyinyi mnaorudi jioni mmelowa jasho. Nisameheni, nilikuwa nawacheka kweli.

Viatu vya shule nilivichukua kwa laoban mmoja, yaani bosi, mwanamke mwenye kiwanda kidogo upande wa Baiyun. Miaka miwili tulifanya biashara sijawahi kumwona. Kwenye simu aliweka picha ya ua, basi mimi nilikuwa nafanya kazi na ua.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana niliagiza viatu vya maduka manane ya Tanga na Muheza. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Siku ya kupokea ikafika, kimya. Nikaandika, kimya. Siku ya tatu nikashika simu nikasema kwa heshima zote, kama tunavyosema kwetu: "Mama, kuna shida gani? Mama, nijibu basi, wateja wananisubiri." Nikabonyeza. Dakika mbili tu, akanifungia. Ujumbe hauendi, simu haiingii.

Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuanguka vile. Wenye maduka walikuwa na kundi lao kwenye simu, na mimi nimo. Mmoja akaandika, "Huyu ni tapeli." Mwingine akaweka picha yangu. Nikajieleza kwa maandishi marefu, lakini kila nilipoandika nikazidi kuonekana mwongo. Halafu mdogo wangu akanipigia: "Dada, mama haendi tena sokoni. Watu wanamuuliza mwanao kakimbilia wapi." Hapo nilizima simu. Nikalala siku nne.

Aliyeniinua ni dada mmoja wa Mombasa anayepika hapa mtaani. Simtaji jina, maana ameniapia akisikia jina lake atatoka nje. Yuko mstari wa pili, anajificha nyuma ya kikombe. Alipanda na uji, akakaa kitandani, akasikiliza yote. Akaniuliza, "Huyo bibi yukoje?"

"Yukoje vipi?"

"Sura yake. Mnene, mwembamba, mzee, kijana?"

Nikamwonyesha lile ua la kwenye simu. Akasema, "Wewe wagombana na mtu usiyemjua, na yuko mji huu huu! Vaa viatu, twende."

Ilikuwa Jumanne, na kontena letu la mizigo lilikuwa linafungwa bandarini Nansha Alhamisi. Tulipanda metro, kisha teksi, tukauliza njia mara tano. Tukaingia uani mwa kile kiwanda. Mwanamke wa makamo alikuwa ameinama juu ya cherehani ya kushonea ngozi. Aliponiona, alinitambua kwa picha yangu ya kwenye simu. Akasimama. "Mei you!" Hakuna! Akatuonyesha mlango kwa mkono.

Dada akaanza kumbembeleza kwa Kichina, hasikii. Nami nikawa nimeshageuka niondoke, ndipo nikaona ukutani picha ya bibi kizee, chini yake machungwa na udi unafuka. Jamani, msiba haungoji mkalimani. Sijui nani aliniongoza. Niliisogelea ile picha, nikashusha mtandio, nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa kama niko matangani nyumbani. Machozi yakatoka yenyewe, ya kujililia mwenyewe na ya kumlilia yule marehemu, sijui yapi ya nani.

Nilipogeuka, laoban alikuwa amekaa chini. Akatoa simu yake, akampa dada wa Mombasa. Dada akasoma. Akanitazama. "Ulimwandikia hivi?"

"Hivi vipi?"

"Hili la mama yake siwezi kulitamka mbele za watu."

Lile "mama" langu la heshima, simu ililigeuza ikamtukania mama yake. Na mama mwenyewe alikuwa amezikwa juzi yake! Ule ukimya wote ulikuwa msiba.

Dada akamweleza taratibu: kwetu mwanamke tunayemheshimu, hata kama hakutuzaa, tunamwita mama. Laoban akaniangalia usoni kwa muda mrefu. Naamini alikuwa anautafuta uongo, asiuone. Kisha akajigusa kifua, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama? Mimi?" Nikaitikia kwa kichwa. Akacheka huku analia.

Mnajua viatu vilikuwa wapi? Nyuma ya pazia! Vilishakamilika kabla hata ya msiba, vimefungwa kwenye maboksi. Alikuwa amekataa tu kunipa. Jumatano tulipakia pamoja, yeye mwenyewe amekunja mikono ya shati, na Alhamisi kontena likafungwa likiwa na viatu vyetu. Takbir! Haya, na haleluya pia, leo ni ya wote.

Sikuishia hapo. Nilipanda ndege, nikaenda Tanga, nikaingia duka baada ya duka. "Mimi ndiye yule tapeli, karibuni mnitazame." Sita kati ya wale wanane bado nafanya nao kazi. Mama yangu nilimshika mkono tukaenda sokoni pamoja, tukanunua samaki, tena kwa madaha.

Leo mimi na laoban tumeungana, tuna karakana ya pili. Kila wiki nakwenda, napinda soli kwa mikono yangu, tunakunywa chai. Simu sijaitupa, bado inanipa habari. Lakini moyo wa mtu nakwenda kuusikiliza mwenyewe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru dada wa uji. Nakushukuruni nyinyi mlionichangia tiketi ile ya kwenda Tanga bila kuniuliza maswali. Na neno langu kwenu ni hili: ukikasirishwa na maandishi, usijibu kwa maandishi. Humu ukumbini wapo waliogombana kwenye simu, nao wanakaa jengo moja, wanapishana kwenye lifti wakitazama ukuta. Nawajua. Leo tukimaliza, teremkeni kwenye lifti moja, na mtazamane.