Bi Subiri na Kirusi Kilicholala

Tarehe 30 Juni, Bi Subiri, mtaalamu wetu wa maabara, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima damu za watu. Jina hilo tulimpachika wenyewe, maana hata daktari mkuu akija mbio kuulizia majibu huambiwa asubiri, tena nje, na viatu vyake vya matope.

Alianza kazi enzi ambazo chumba chetu kilikuwa na hadubini moja na dirisha lisilofungika. Karibu nusu yetu ametufundisha yeye, na sote ametugombeza. Ukiingia na kikombe cha chai, utatoka nacho mbio.

Wageni humwona ana roho ngumu. Mgonjwa akipata majibu mazuri, kwamba VVU havionekani tena kwenye damu, sisi hupiga makofi. Yeye hapigi. Humkalisha chini na kumweleza kwamba kirusi hakijaondoka: kimejipenyeza kwenye vinasaba vya baadhi ya seli za damu, kimelala humo, na kinaweza kulala miaka na miaka. Dawa huvizuia vinavyozaliana. Kilicholala haziwezi kukigusa. Ukiziacha, kinaamka.

Ana sababu. Mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alipata majibu kama hayo. Kwa furaha Bi Subiri alinunua keki, akaileta hapa, tukala, tukaimba. Jamani, tulifurahi! Mdogo wake akaona yamekwisha. Akaacha vidonge kimyakimya, dada mtu hana habari. Alipoletwa tena alikuwa amebebwa mgongoni, jicho moja halioni. Damu ile aliipima dada yake mwenyewe. Alinawa mikono, akachukua sampuli iliyofuata.

Mdogo wake yu hai na ameanza dawa upya, ila mwili umechoka, na siku nyingine anakataa kumeza. Ndiyo maana Bi Subiri amekataa mkataba wa kuendelea, ingawa tulimbembeleza sana. Anakwenda kukaa naye. Hatutadanganya hapa kwamba tuna furaha; mioyo yetu ni mizito.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha na kutuvumilia. Tunakutakia pumziko jema na uzee mrefu. Na siku yako ikifika, mdogo wako ndiye akuzike, si wewe umzike yeye.