Maisha ya Mzee Iandikwe, Aliyefungua Lango kwa Amri ya Jaji

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Baba yake alikuwa mchomaji matofali, na mama yake alifua mashuka ya hospitali. Jina alilopewa siku ile limo kwenye cheti chake, lakini wengi waliofika hapa leo hawalijui. Wanamjua kwa jina la Mzee Iandikwe, jina alilolipata kazini.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, ng'ambo ya reli, na akamaliza kidato cha nne mwaka 1967. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu wa jiografia alimpa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele darasani. Siku moja mwalimu alirudi akakuta majina manne, na la tatu ni la mwandishi mwenyewe. "Na wewe pia?" mwalimu akauliza. "Nilicheka, mwalimu," akajibu. Alichapwa kama wenzake, ila kazi ya kuandika hakunyang'anywa mpaka alipomaliza shule.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa kuwa askari magereza. Baada ya miaka miwili akapelekwa chumba cha kumbukumbu, chumba chembamba kando ya lango kuu, chenye meza, simu nyeusi, rafu za majalada na dirisha moja la nondo. Kila aliyeingia na aliyetoka alipitia kwenye daftari lake. Askari akisema mfungwa fulani kahamishwa chumba, yeye hujibu, "Iandikwe." Daktari akisema mgonjwa aongezwe blanketi, "Iandikwe." Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, jina likabaki.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na mkunga wa hospitali ya serikali, ambaye leo ni mjane wake. Bibi husema alimkubali kwa sababu moja tu: kati ya wanaume wote waliomwandikia barua, huyu peke yake ndiye aliyeweka tarehe. Walijaliwa watoto wanne.

Sasa tufike kwenye Jumanne ya tarehe 9 Agosti 1983, siku ambayo marehemu mwenyewe hakupenda kuizungumzia.

Gerezani alikuwamo mpiga chapa mmoja, mtu mpole wa makamo, aliyechapisha hotuba ya mbunge aliyeisema vibaya wizara inayosimamia polisi na magereza. Alikuwa amekaa ndani miezi minne bila kushtakiwa, ilhali Bunge lilikwisha kutunga sheria kwamba hakuna mtu wa kushikiliwa zaidi ya siku kumi na nne pasipo mashtaka. Jaji aliisoma sheria hiyo, akaandika amri. Saa tatu na robo asubuhi tarishi wa mahakama alifika kwa baiskeli, akaiweka mezani. Mtu huyo aachiliwe siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi jioni.

Mkuu wa gereza aliisoma mara mbili, jasho likamtoka. Ghafla akakumbuka kwamba jino linamuuma tangu jana.

"Nakwenda zahanati," akamwambia marehemu. "Wewe ndiye mkubwa hapa mpaka nirudi."

"Utarudi saa ngapi, afande?"

"Jino halina saa," akajibu, akaenda zake.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa mkubwa wa polisi. "Huyo mtu asitoke."

"Sawa, afande. Naomba barua."

Simu ikakatwa. Saa tano ikalia tena, safari hii kutoka wizarani, na marehemu akaomba barua vilevile. Saa saba kasoro dakika tano alipiga waziri mwenyewe, sauti ambayo marehemu aliizoea redioni.

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mheshimiwa."

"Basi nimesema asitoke. Unataka nini zaidi?"

"Mheshimiwa, hapa mezani ninayo karatasi ya jaji, ina sahihi na muhuri. Sauti yako siwezi kuiweka kwenye jalada. Ukiniandikia kwamba nisiitii amri ya mahakama, ukaweka jina lako chini, nitaipokea na kuiandika saa iliyofika."

Marehemu alisikia watu wakinong'ona upande wa pili. Kisha waziri akasema, "Subiri hapo," akakata.

Akasubiri. Chai yake ikapoa juu ya meza. Wizara ilikuwa na wapiga taipu, ilikuwa na magari, na kutoka huko hadi gerezani ni mwendo wa dakika kumi. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Askari wote wa lango walikuwa wamesimama wanatazama barabara, hakuna aliyekuwa akitania tena. Gari halikuja. Katika jengo zima lile la ghorofa tano, lililojaa watu wanaoogopwa nchi nzima, hakupatikana hata mmoja aliyekuwa tayari kuweka jina lake chini ya maneno yale.

Saa tisa na dakika arobaini marehemu alimwita mpiga chapa, akamrudishia mkanda, saa na kitana chake, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi.

"Nani kanitoa?" mpiga chapa akauliza.

"Sheria, kaka. Jaji kaisoma. Nenda nyumbani."

Lango likafunguliwa. Mtu yule akatoka, akasimama katikati ya barabara kama aliyesahau namna ya kutembea, kisha akaenda.

Jioni marehemu alimsimulia mkewe. Mkunga akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kutoa watu salama ilikuwa kazi yangu humu ndani. Leo umenipokonya." Wakacheka, ingawa wote walijua hayajaisha.

Alhamisi ilikuja barua ya uhamisho kwenda gereza la mashambani, safari ya siku mbili. Barua hiyo ilikuwa na sahihi na muhuri, naye akaitii. Alikaa huko miaka saba. Baba yake alipofariki mwaka 1986 alinyimwa ruhusa, akafika kaburini wiki tatu baadaye. Wanawe walikua wakidhani kaenda kutafuta cheo.

Alirudi mwaka 1990. Jumamosi tarehe 5 Novemba 1994, mzee mmoja mwenye fimbo alibisha hodi. Alikuwa jaji yule, amekwisha kustaafu, na walikuwa hawajawahi kuonana. Marehemu alipoingia sebuleni, jaji alijikongoja akasimama wima, kama watu wanavyosimama jaji anapoingia mahakamani, akakataa kuketi kabla yake.

"Siku ile nilipotia sahihi," jaji akasema, "nilikwenda dirishani nikajiuliza, hii itafika wapi? Sikuwa na askari hata mmoja. Nilikuwa na kalamu tu. Miaka yote hii nimetaka kumjua mtu aliyekuwa mwisho wa karatasi ile."

Marehemu aliinamisha macho. Mwishowe akasema, "Mheshimiwa, mwandiko wako ulisomeka vizuri."

Watoto waliokuwa wakisikiliza mlangoni ndipo walipojua baba yao ni nani.

Alistaafu mwaka 2003. Mwezi Juni 2019 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, akajifunza kuandika kwa kushoto akiwa na miaka sabini na moja. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti wawili, wana wawili, wajukuu kumi na mmoja, na dada yake mdogo.

Tulipoandaa wasifu huu tulitaka kumwita shujaa, mjane akakataa. Alisema mumewe aliogopa sana siku ile, aliogopa mpaka chai ikamshinda kunywa, na tukiliacha hilo tutakuwa tumemzika mtu mwingine. Ameomba liandikwe, nasi tumeliandika: aliogopa, na akafungua.

Pumzika sasa, baba. Mungu akupokee.