Saba Yenye Mkanda

Niliketi nyuma ya vijana wawili kwenye basi dogo la taksi la kutoka Nakivale kwenda Mbarara. Mmoja alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, anafanya ekwesheni za x na y kwenye daftari. Aliyeketi kando yake, kijana wa Makenke, mtaa wa Mbarara, alikuwa anachungulia.

"We, hiyo saba kwa nini umeifunga mkanda tumboni?" akauliza wa Makenke, akigusa kistari kilichokata namba katikati.

"Kwetu Uvira banaandikaka vile, ndugu."

Yule wa Makenke akalivuta daftari karibu. "Kuna msichana pale mjini, Ruharo, anaitwa Jamidah. Mimi ndiye namfundisha hesabu. Wiki hii saba zake zote zina mkanda."

"Aah, kumbe weye ni Mahadi! Alisemaka uko mwalimu muzuri, lakini uko polepole."

Nikajikaza nisicheke. Mahadi alikuwa amevimba.

"Mimi namfundisha kuondoa x kwanza. Wewe je?"

"Miye natafuta y mu ya kwanza, naiingiza mu ya pili. Inaenda mbio."

"Ndiyo maana ameacha njia yangu!"

"Lakini jibu si ni moja tu, kaka?"

"Jibu ni moja, na msichana pia ni mmoja!"

Shuleni nilifundishwa kwamba ekwesheni mbili zinatafuta vitu viwili. Hawa walikuwa wawili, wanatafuta kimoja.

"Ruharo!" kondakta akaita. Wakashuka wote mbio, hakuna aliyetaka mwenzake atangulie. Mimi, ambaye hakuna msichana aliyewahi kuniuliza hata x, nikaandika saba kwenye vumbi la dirisha. Nikaifunga mkanda.