Ernesta na Njia ya Tramu Iliyohamishwa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Sadock Hezroni, mdogo wake, nawasomea maisha ya dada yetu, Mhandisi Ernesta Hezroni Mbwambo, na mniwie radhi, kwa sababu mengine humu hayajazoeleka kusomwa msibani.

Ernesta alizaliwa hapa Bombo tarehe 14 Aprili 1974, mtoto wa kwanza wa mzee Hezroni na mama Esther, akasoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, akaendelea na sekondari mjini Same, na mwaka 1999 akahitimu uhandisi chuo kikuu, akaajiriwa Dar es Salaam katika ofisi ya kupanga usafiri wa jiji. Tarehe 7 Desemba 2002 alifunga ndoa na mwalimu Anderson, Mungu akawajalia mabinti wawili, Agape mwaka 2004 na Victoria mwaka 2008, ambao wameketi hapa mbele na baba yao.

Mwaka 2021 alikabidhiwa kazi ya kuirefusha njia ya tramu, ile treni ya mitaani, kutoka katikati ya jiji hadi pembezoni, na ramani waliyoipitisha wakubwa ilikata katikati ya mtaa unaoitwa Upareni, walikohamia watu wetu Wapare kutoka milimani huku, basi ofisi ikamtuma yeye, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, akawaandae kuhama. Alizungumza nao kanisani, kwa Chasu, lugha yetu, akawaambia kazi hii ni msaragambo, na hapo ndipo ulimi ulipomponza, maana Mpare akiitwa kwenye msaragambo, ile kazi ya wote kwa faida ya wote, haulizi atapata nini, anabeba jembe anakwenda. Jumamosi iliyofuata walitoka na nyundo, wakasaidiana kubomoa nyumba zao wenyewe, huku wanaimba, kabla mthamini wa fidia hajakanyaga pale.

Haukupita muda wakubwa wakaihamisha njia, wakaipeleka upande wa pili kwenye viwanja vya matajiri wenzao ili thamani yake ipande, na Ernesta alipouliza kikaoni fidia ya watu wa Upareni, alijibiwa kwa upole kabisa kwamba hakuna aliyewaagiza wale watu wabomoe. Ni kweli, hakuna aliyewaagiza, na ukweli huo ndio uliomuua, hata kama daktari ameandika kiharusi. Aliacha kazi mwaka 2023, akarudi Bombo, akawa anaogopa hata kwenda sokoni asije akakutana na ndugu wa mtu wa Upareni, presha ikampanda, na tarehe 3 Machi 2025 akafariki hospitalini, mjini Same.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, na wafanyakazi wenzake mliosafiri kuja, wakubwa wenu nao wametuma shada la maua, tumelipokea. Tunamshukuru mzee Tumainieli, ambaye nyumba yake ndiyo ilibomolewa ya kwanza, jana amefika kutoka Dar es Salaam, akakataa chai, akasema anajua Ernesta alidanganywa kama yeye alivyodanganywa, ila machozi hana, kwa kuwa bado analala kwenye chumba cha kupanga. Mzee wetu, hatukudai machozi.

Ni desturi familia kumwombea marehemu msamaha kwa wale aliowakosea, nasi tunamwombea, lakini walioihamisha njia wakajiombee wenyewe, huko huko Upareni, na wasitume maua.

Dada, pumzika sasa, hakuna atakayekutuma tena kwa watu wako.