Rehema Alipoziba Masikio

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu, hata kwa haya machungu ninayokuja kuyasema!

Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila Jumapili asubuhi, nilimfunga binti yangu Rehema kwa khanga kwenye mguu wa kitanda, nikafunga mlango, nikaja hapa kuimba kwaya. Nilisimama mstari wa mbele. Mlinisifu kwa bidii. Hakuna aliyeniuliza mtoto yuko wapi, nami nilishukuru kwa kutoulizwa.

Nirudi nyuma mnielewe. Rehema alizaliwa mzima, akatembea mapema, lakini maneno hayakuja. Akiwa na miaka minne alikuwa hamtazami mtu usoni. Alipanga vifuniko vya soda toka ukutani hadi mlangoni, na ukikigusa kimoja analia mpaka sauti inakauka.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mume wangu hakuikumbuka mila hiyo siku Rehema alipozaliwa. Siku hiyo alisema mtoto amechukua pua yake. Aliikumbuka kelele zilipozidi.

"Mama Rehema, huyu ni wa ukoo wenu," akaniambia. "Pandeni naye huko mlimani kwenu, mliomroga, mkamtengeneze."

Akaenda Gairo kununua mahindi. Mpaka leo hajarudi.

Nikabaki hapa Bigwa na mama yangu mzazi. Bombani wanawake walinisubiri. "Mama Rehema, bubu wako hajambo?" Mwingine akadakia: "Bubu gani yule? Jana kapiga ukelele, kuku wangu wakahama!" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Ndugu zangu, hilo nalo nalitubu.

Ndipo nikamleta hapa kuombewa. Wengi wenu mlikuwepo. Alipoingia tu, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Mmeona!" akasema kiongozi wa maombi. "Pepo hataki kusikia Neno! Sogezeni spika!"

Spika ikabebwa, ikawekwa hatua moja kutoka kichwani pake. Mikono yake ikatolewa masikioni, na aliyeishika ni mimi. Mimi mama yake! Aliniuma, akajikojolea, kisha akalegea. Mkapiga makofi: "Ametoka! Ametoka!" Kesho yake aliingia uvunguni mwa kitanda, na kwa siku mbili hakutoka kula. Nilipowaeleza, mkaniambia pepo amerudi na wenzake saba. Nikaona aibu. Nikaanza kumfunga.

Mama yangu, niliyekuwa nikija naye ibadani, ndiye aliyechoka kwanza. "Mwanangu, mbuzi tu ndiye anayefungwa," alisema. "Kesho tunampeleka shule."

Katika shule moja mjini kuna darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Mwalimu wake anaitwa Zuhura, mama wa Kiislamu. Nilimweleza habari za pepo mwanzo hadi mwisho. Hakunikatiza. Akauliza: "Mama, huwa anaziba masikio wakati gani?"

"Wakati wa Neno."

"Na wakati mwingine?"

Miaka yote ile sikuwa nimeangalia! Akanipa daftari. "Wiki mbili. Kila akiziba, andika kuna sauti gani."

Niliandika. Mashine ya kusaga, mara nne. Bodaboda yenye ekzosi mbovu, kila siku. Blenda ya jirani muuza juisi. Adhana. Kwaya yetu kwenye simu yangu. Lakini mama yangu alipokuwa akimenya magimbi huku akimwombea kwa sauti ya chini, masikio yalikuwa wazi, na mtoto akamsogelea. Hilo pia niliandika. Ndugu zangu, nani amewahi kusikia pepo anayeogopa mashine ya kusaga?

Mwalimu alitutuma hospitali. Daktari alimchunguza kwa siku kadhaa, akasema ni usonji. Si laana, si ukoo wangu kuroga, wala hakuna dawa ya kuuondoa; kuna kumwelewa na kumfundisha. Nililia pale kwenye benchi. Aliyefunguliwa siku ile ni mimi.

Msidhani mambo yamekuwa mepesi. Rehema ana miaka tisa na bado hasemi. Akitaka maji anaonyesha picha ya kikombe, na kwa hiyo picha namshukuru Mungu kuliko kwa wimbo wowote niliowahi kuimba. Lakini mikono yake anampa mwalimu, anampa bibi yake. Mimi nikiinyoosha yangu, yeye anaivuta yake nyuma.

Wewe uliyemfungia mtoto ndani, na nyumba mbili hapa Bigwa nazijua, mtumaini Mungu na ufungue mlango! Hakukuagiza umfiche. Njoo kwangu, nitakusindikiza shuleni.

Nimewaomba wazee wa kanisa jambo moja tu: ibada ya asubuhi spika zizimwe, ili Rehema aweze kuingia. Mzee mmoja akaniuliza, "Yaani kanisa zima, kwa ajili ya mtoto mmoja?" Nikamjibu, ndiyo baba, kwa mmoja.

Leo ni Jumapili ya sita tangu niombe. Rehema yuko ng'ambo ya barabara na bibi yake, wamekaa kwenye benchi la mama ntilie, na sijajibiwa.